Kinanda Bado Yuko Kazini

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana ukisoma umesimama pasi itaunguza nguo ya mtu. Mimi mzima. Baba naye mzima, ila goti lake limegoma tena kupanda ngazi, na anashikilia kwamba goti halina neno, ila ngazi zimeongezwa. Mama anauliza kama bado unakohoa kwa ule mvuke wa kufulia. Haya yote ningekwambia kwa dakika mbili kwenye simu, lakini ulinikataza nisipige, ukasema niandike. Sijui kwa nini. Amri ni amri.

Habari ya kazi ni hii: wamenihamishia kwenye chumba alichokuwa akifanyia kazi kaka, mwanao. Nilikataa, nikakataa tena, mwisho Mkuu wa kituo akaniambia hakuna mwingine anayeijua ile mitambo. Kiti chake nimekitoa nje nikaleta changu. Usinicheke.

Sijui aliwahi kukueleza vizuri. Ni kompyuta nyingi zilizopangwa kwenye rafu ndefu, zimeunganishwa kwa nyaya, zinagawana hesabu moja kubwa mpaka zinakuwa kama kichwa kimoja. Sisi tunaiita klasta. Hesabu yenyewe ni ya mvua na mito: maji yatapanda wapi, yatashuka lini. Utabiri unaousikia redioni asubuhi unatoka humu. Mfumo endeshi wa kompyuta hizo ni wa programu huria, yaani msimbo wake uko wazi, yeyote duniani anaweza kuusoma, kuurekebisha, na kuwapa wengine alichorekebisha. Sasa watu wanaolitunza toleo letu wametangaza kwamba wanaliacha. Kazi yangu ni kuhamisha mashine zote kwenda kwenye mfumo mwingine, moja baada ya nyingine, bila kusimamisha utabiri hata asubuhi moja.

Kabla ya kuhama lazima nijue nani anatumia nini. Jumatatu nilifungua orodha ya kazi zinazoendelea. Majina ni yaleyale: watu wa mvua, watu wa mito, mwanachuo mmoja na utafiti wake usiokwisha. Katikati yao palikuwa na jina kwa herufi ndogo: kinanda. Mbele yake: inaendelea.

Wewe ndiye uliyempa jina hilo, kwa sababu hakuweza kukaa mezani bila kuigonga kwa vidole, naye akalifanya jina lake la kuingilia kwenye mashine. Shangazi, mwaka unakaribia kutimia tangu tumzike. Nililitazama jina mpaka likatoka lenyewe, kazi ikawa imekwisha. Nilidhani ni mzaha wa mtu. Nikawauliza wenzangu, mmoja akanishangaa. "Wewe ndiyo unaliona leo? Sisi tumelizoea."

Kuna mtu aliyemwachia neno lake la siri? Na kompyuta yake ndogo iko wapi, na simu? Nisamehe kama nimekutonesha.

Mwanao,
Chiriku


26 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimekusoma nimekaa, na hakuna kilichoungua isipokuwa kola ya bwana mmoja mkubwa ambaye hata hivyo hajawahi kunisalimu. Mwambie kaka yangu hakuna aliyeongeza ngazi, kilichoongezeka ni miaka yake. Mwambie mama yako kikohozi kimeondoka bila kuaga.

Hapa dukani ni kufua, kuanika, kupiga pasi, na kugombana na watu wanaoleta nguo nne na kukumbuka tano. Zile zisizokuja kuchukuliwa zimejaa ukuta mzima. Nyingine wenyewe wamehama. Nyingine, sijui. Nazipangusa vumbi.

Ile sehemu ya jina nimeirudia mara nyingi. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyesikia akiitwa kutoka chumba cha pili, unajua vile unavyoitika kabla hujakumbuka kwamba nyumbani uko peke yako.

Kompyuta yake niliwapa wenzake waliokuja msibani, walisema ni mali ya kituo. Neno la siri silijui. Mtoto aliyenificha hata jino lililong'oka ndiye angeniambia neno la siri?

Sasa nieleze. Hiyo kazi inahesabu nini? Inamhesabia nani? Usiizime kabla hujaniambia. Na hata ukishaniambia, usiizime.

Kule kivukoni, pale kwenye zege tunapovuka mto kwa miguu, wamesimamisha nguzo zenye alama nyekundu za kuonyesha kina cha maji. Watu wanazifungia mbuzi.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Baba amenunua fimbo ya kutembelea halafu anaibeba begani, eti ni ya siku za mbele.

Nimeifungua kazi ya kaka. Hakuna mtu anayeianzisha. Inajiamsha yenyewe kila Jumatatu asubuhi. Inapita kwa kila mashine na kuipa hesabu ambayo jibu lake linajulikana, kama mwalimu anayezunguka darasani na swali lilelile. Majibu yote yakiwa mazuri inaandika neno moja: SAWA. Mashine ikikosea, inaitaja. Jumatatu iliyopita iliandika hivi: "Rafu ya tatu, mashine ya saba, jibu si lake."

Si kwamba jibu ni baya. Jibu si lake. Mtu mwingine asingeandika hivyo. Nilisikia sauti yake kabisa, na ile namna yake ya kukusahihisha huku anatazama pembeni.

Niliijaribu hiyo mashine mwenyewe. Ikajibu vizuri, ikajibu vizuri, nikaona aibu kwa kuishuku, kisha ikakosea. Nikaenda kwa Mkuu.

"Jibu moja baya katika maelfu?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na mvua zinaanza?"

"Zinaanza."

"Basi mashine zote zinabaki mahali pake." Anasema tukiondoa hata moja, hesabu itachelewa na redio itakosa utabiri. Tutatazama mvua zikiisha.

Jambo jingine. Hiyo programu ya kupima aliitoa wazi, na watu wa nchi nisizozijua wanaitumia kwenye klasta zao. Bado wanamwandikia. "Ndugu Kinanda, tumerekebisha mstari huu, unaonaje?" Hawakujua. Wengine walikuwa wameanza kunung'unika kwamba amekuwa na majivuno, hajibu. Ilinibidi niwaandikie wote. Mmoja akanijibu kwa upole tu kwamba kwake yeye Kinanda alikuwa hai mpaka alipofungua ujumbe wangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua. Bado nalifikiria neno hilo.

Jibu la kila Jumatatu linatumwa kwenye simu. Namba ni yake. Nilidhani laini ilishafungwa, nikaipigia nikiwa ofisini. Ikaita. Ikaita mpaka ikakata yenyewe.

Shangazi, simu ya kaka iko wapi?

Chiriku


30 Aprili

Chiriku,

Mvua imeshika. Nguo hazikauki, naziinamia na pasi mpaka nuru ya dirisha inaisha. Barua yako ilichelewa, au mimi ndiye nimechelewa kuijibu, chagua mwenyewe. Watu wa nyumbani nawasalimu wote.

Kuna mtu kaja kuchukua suti aliyoiacha miaka miwili, akaijaribu hapa hapa, akanikasirikia kwamba inambana. Kana kwamba nimekaa hapa naipunguza.

Umesema mashine inakosea. Inakosea vipi? Mtu akikosea amechoka, au hajui, au moyo wake uko kwingine. Mashine ina nini? Nieleze kwa lugha ya dobi, usinieleze kwa lugha ya chuo.

Na nieleze hili: hiyo ya saba ndiyo inayohesabu mto wetu?

Usipige tena ile namba.

Shangazi


14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sitapiga tena. Nyumbani wazima, mama amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi ambalo sote tulikuwa tunaishi nalo kwa amani.

Lugha ya dobi, haya. Mashine moja haishiki kazi moja. Inashika hii kidogo, inaiweka, inashika ile, inairudia ya kwanza, kwa kasi ambayo jicho haliwezi. Kila inapoiacha kazi, namba zilizokuwa mkononi inazikunja na kuziweka mahali, ili ikirudi izichukue zilezile. Kukunja na kurudisha ni jukumu la kiini cha mfumo endeshi. Huyo ndiye dobi wa ndani. Sasa kwenye toleo letu, kwa aina ya kompyuta ambayo tunayo moja tu, hiyo ya saba, kuna upenyo mdogo sana ambapo dobi anakatizwa katikati ya kukunja. Akirudi, anamkabidhi mtu shati la mwenzake. Shati safi, limepigwa pasi, halina doa. Ndiyo maana hakuna anayelalamika. Mashine haikuzimika wala haikutoa onyo. Namba ilikuwa nzuri kabisa, ila ilikuwa ya mwingine.

Nimeyaandika hayo mahali wanapokutana watunzaji wa kiini, mbele ya dunia nzima. Wa kwanza kunijibu aliniambia nifute vumbi kwenye mashine yangu. Nikampa programu ya kaka aiendeshe kwake. Akaiendesha, kisha akaandika neno moja: "Nimeiona." Sasa wako kadhaa wanaoandika rekebisho, kila mmoja katika nchi yake, wakisahihishana.

Toleo hilo lenye kasoro liliwekwa hapa ~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~. Samahani kwa hayo niliyoyakata, kalamu imevuja.

Ndiyo, Shangazi. Mashine ya saba ndiyo inayohesabu bonde la juu la mto wenu. Nimemrudia Mkuu. Anasema tukitangaza kwamba utabiri una kasoro, watu hawatatuamini hata siku tutakaposema kweli. Nikamwambia wasituamini basi, wabaki ng'ambo wakiwa hai. Akaniambia nipunguze sauti. Sikuwa nimeipandisha kwa hasira, feni za chumba kile zinakulazimisha useme kwa nguvu.

Nikikaa humo peke yangu mchana, kuna rafu moja kitu kinagonga ndani yake, taratibu, kama vidole juu ya meza. Fundi umeme anasema ni feni imelegea. Nimemwomba asiikaze.

Tafadhali msivuke kwa kutegemea redio. Waambie na majirani.

Chiriku


9 Juni

Mwanangu,

Leo salamu ni fupi: niko mzima, na nyinyi muwe wazima.

Simu iko kwangu. Siku aliyoondoka ilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi, imechomekwa kwenye umeme, na sikuwahi kuiondoa. Naiwekea salio ili laini isifungwe. Ndiyo sababu nilikukataza kupiga, na yangu nikaigawa: sikutaka simu nyingine ilie ndani ya nyumba hii. Kila Jumatatu asubuhi inalia ule mlio mfupi, nami naitika, "Nimesikia," naendelea na pasi. Nilidhani ni matangazo ya kampuni ya simu. Hapana, hapo nakudanganya. Sikudhani hivyo. Sikutaka kujua ni nani.

Imefungwa kwa namba za siri, lakini kioo kikiwaka maneno ya mwanzo yanaonekana. Tangu ile barua yako ya Machi nimeanza kutazama. SAWA. SAWA. Kisha ile nyingine. Kisha SAWA.

Jumatatu ya mwisho ya Mei redio ilisema maji ya mto yanashuka na kivuko ni salama. Nikafurahi, nina nguo za watu wa ng'ambo. Simu ikalia. Nikatazama. Rafu ya tatu, mashine ya saba, jibu si lake.

Nilichomoa pasi nikashuka kivukoni na aproni yangu hivyohivyo. Watu walikuwa wengi, na mizigo, na watoto mgongoni. Maji hayakufika hata alama ya kwanza, yalikuwa maji ya kuoshea miguu. Nikasimama pale zege linapoanza, katikati ya njia.

"Mama, tupishe," akasema mmoja.

"Sipishi."

"Redio imesema ni salama."

"Redio imepewa shati la mtu mwingine."

Walicheka, na mimi ningecheka. Mwingine akasema msiba umenipanda kichwani. Mwanamke mwenye kapu alitaka kupita pembeni, nikamshika kapu, tukavutana kama watoto. Nilikuwa naona haya, Chiriku. Wananijua wote, nguo zao za ndani zinapita mikononi mwangu.

Kisha akaja dereva wa pikipiki, yule mrefu anayebeba mitungi ya gesi. Hakucheka. Alisogea karibu akasema chini chini, "Mama, siku ile nilikuwa nyuma yake. Hata yeye alisema maji yanashuka."

"Alisema maneno gani hasa?"

Akanitazama kwanza. "Alisema, 'Twendeni tu, hii hesabu nimeipiga mwenyewe.' Akatangulia, maji yakamkuta katikati."

Mwaka mzima hakuna aliyewahi kuniambia maneno hayo. Walikuwa wameyaweka kama tunavyoweka nguo za marehemu. Dereva akageuza pikipiki akailaza kuziba njia, akasimama upande wangu, akawaambia wenzake, "Subirini kidogo. Haraka ya nini?"

Tukasubiri. Wengine walikuwa wanatukana. Hapa kwetu hakukuwa na wingu hata moja. Maji yalianza kubadilika rangi, yakawa kama chai yenye maziwa, ikaja harufu ya udongo mbichi, ndipo tukasikia. Mbuzi walijua kabla yetu. Alama ya kwanza ikazama, ya pili ikazama, zege likapotea, na mti mzima na mizizi yake ukapita pale ambapo tungekuwa tunatembea. Mwanamke wa kapu alikaa chini.

Baadaye mzee mmoja akaniuliza, "Nani alikwambia?"

Nikasema, "Kinanda."

Wakatazamana, wakainamisha macho. Waache wafikiri wanavyotaka.

Sasa swali langu. Siku aliyoondoka ilikuwa Jumatatu. Alikuwa ameshatoka mlangoni, simu ikalia. Mimi nilikuwa nimeinamia shuka la watu. Ujumbe ule uko chini kabisa, umefunikwa na ya mwaka mzima, siwezi kuufikia. Ulisema SAWA, au ulisema ile nyingine? Hiyo mitambo haikosi kukumbuka. Niambie.

Shangazi yako


3 Julai

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilisomwa mezani. Mama aliondoka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Baba alishuka ngazi zote bila fimbo akaenda kutembea, na aliporudi akaomba aisome mwenyewe.

Nami niliichukua nikaiweka mbele ya Mkuu, sikumweleza kitu. Alipofika pale kwenye mti na mizizi aliirudia sehemu hiyo. Hakunitazama. Alisimama, akatembea hadi kwenye rafu ya tatu, akachomoa nyaya za mashine ya saba kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake kituo kilitangaza redioni kwamba utabiri wa mto wenu ulikuwa na kasoro tangu mwaka jana, na kwamba kosa ni letu. Simu za hasira zilikuja nyingi. Alizipokea yeye, moja moja, kuanzia asubuhi hadi tulipofunga.

Rekebisho limekubaliwa. Sasa limo ndani ya kiini chenyewe, na kila kompyuta ya aina ile popote ilipo, ikipokea toleo jipya, inapokea dobi ambaye hakatizwi. Kila rekebisho huandikiwa jina la aliyegundua kasoro. Niliandika kinanda. Mmoja wa watunzaji akauliza inawezekanaje marehemu akaripoti kasoro. Yule wa vumbi akamjibu, "Programu ndiyo iliyoiona, na programu ni yake." Hakuna aliyebisha.

Kuhama pia kumekamilika. Klasta nzima iko kwenye mfumo mpya, na unatunzwa na watu wengi zaidi kuliko ule wa zamani. Akaunti za walioondoka kazini nilizifuta zote isipokuwa moja. Mkuu aliiona imebaki, akapita.

Programu ya kupima bado inaamka kila Jumatatu. Majibu yanakuja kwangu na kwa watu wa zamu. Nakuuliza wewe: nayo ile namba ya zamani niiache, au una namba yako mwenyewe ambayo ingekufaa zaidi? Chochote utakachosema nitafanya.

Hapa kumekuwa na baridi. Mama anakufumia sweta, anaomba vipimo vya mikono. Mimi nimeanza kulala vizuri kidogo. Mwanachuo naye amemaliza utafiti wake, hatukuamini.

Mwanao akupendaye,
Chiriku


28 Julai

Chiriku,

Marahaba, na salamu kwa wote. Vipimo vya mikono ni vilevile, mimi sirefuki.

Umeniandikia kurasa tatu, mwandiko umenyooka kama wa cheti cha ndoa, na swali langu hukuligusa. Likizo zako zote ulizimalizia kwangu. Siku uliyovunja birika ulifagia nyumba nzima na uwanja, ili nisiulize. Basi nimeshajua ujumbe ulisema nini.

Na yale uliyoyakata mwezi wa Mei, kalamu haikuvuja. Mkono wako unakandamiza. Niliigeuza karatasi nikaielekeza dirishani. "Na kaka mwenyewe, wiki moja kabla ya likizo." Nilikuwa nayajua hayo kabla sijakuuliza lile swali. Nilitaka kuona kama utaniambia. Sikulaumu. Na mimi nilikuficha simu.

Kwa hiyo lile toleo aliliweka kwa mikono yake, akaliamini, na programu yake mwenyewe ikamwita arudi, ameshafika nje. Nimeligeuza hilo huku na huku kama nguo isiyojulikana mbele wala nyuma. Nilikukasirikia wewe. Nikamkasirikia Mkuu wenu ambaye sijawahi kumwona. Mwisho nikamkasirikia yeye, nikamwambia kwa sauti hapa dukani, kwa nini uliiacha simu, na mteja aliyekuwa anahesabu soksi akaziacha akatoka. Alirudi jioni. Hakuuliza, nami sikueleza.

Simu yake nimeizima. Betri ilikuwa imevimba, dereva wa pikipiki aliiona akasema itakuja kulipuka kwenye nguo za watu. Nilifikiri nyumba itakuwa kimya. Jumatatu ya kwanza baada ya kuizima nilikuwa nakunja mapazia, nikaitika, "Nimesikia," kisha ndipo nikakumbuka kwamba hakuna kilicholia. Jumatatu iliyofuata vivyo hivyo. Sijizuii tena.

Nimenunua simu yangu, ya vitufe, na namba nilimpa baba yako akufikishie. Najua uliipata, maana ujumbe wa kwanza umekuja juzi.

Nilikuwa kivukoni, napeleka nguo ng'ambo. Siku hizi Jumatatu watu hawavuki mpaka wanione, sijui nani aliwaanzishia. Redio ilikuwa imesema salama, na maji yalikuwa machache kuliko nilivyowahi kuyaona, mawe yote yako nje. Simu ikalia mfukoni. Nikasoma: rafu ya kwanza, mashine ya pili, jibu si lake.

Umesema mfumo ni mpya, na mashine hiyo sijawahi kuisikia. Wewe utakuwa umeshaanza kuichunguza. Mimi sikumwambia mtu neno. Nilirudisha simu mfukoni, nikaketi juu ya furushi langu la nguo. Dereva wa pikipiki akazima injini. Mwanamke wa kapu akaketi, kisha wengine, mpaka wote tukawa chini. Tukayatazama yale maji madogo, na hakuna aliyeuliza tunamsubiri nani.

Shangazi yako